Tulikwenda Lemera kuuliza nani amehama, mama akasema mimi bado naishi kwake

Wakuu, salamu toka Uvira. Hii imenipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Nilipata kazi ya muda: kuzunguka vijijini na simu, mnauliza kila nyumba nani amehama na nani amehamia. Nilipangwa na dada mmoja, Neema.

Kijijini Lemera, kila nyumba jibu lilikuwa lilelile. Hakuna aliyeondoka.

Unaona kufuli limeshika kutu, majani yameota mlangoni, jirani anakuambia wenyewe wako shambani.

Nikaanza kushuku. Nikamwambia Neema hawa wananusa msaada, wanataka waonekane wengi. Na wao walitushuku. Tukipita, mazungumzo yanakatika. Mzee mmoja alitufuata nyumba hadi nyumba, hasalimii.

Tukafika kwa mama yangu mzazi. (Mimi nilishuka Uvira zamani, mke na watoto wako huko.) Hairuhusiwi kuwahoji ndugu zako, kwa hiyo nikakaa pembeni, Neema akauliza kama kuna mtoto wake aliyehama.

"Hapana. Bote beko hapa."

"Na huyu?" Neema akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu analala mu ile chumba. Asubui anaenda kazi, mangaribi anarudia."

Aibu ilinishika. Nikamvuta mama hadi jikoni.

"Mama, mbona unadanganya?"

"Njo weye unawafanyia kazi? Wakiandika umehama, kesho muntu atakuya kusema shamba ya baba yako haina mwenyewe. Ile nyumba ya kufuli, nani iko analima shamba yao sasa? Uliuliza?"

Sikuuliza.

Nikamwambia kazi yetu haihusu mashamba.

"Minye sijue. Na weye haujue."

Na kweli sikujua majibu yanakwenda kwa nani.

Neema akaniuliza aandike nini. Nikasema andika alivyosema mama.

Mama akasikia. Akasema, "Basi leo lala hapa, isikuwe uongo."

Nikalala.

Nilichojifunza: mtu akikuficha jibu, usikimbilie kumwita mwongo. Jiulize kwanza jibu hilo likitoka litamfanyia nini.

Tuliporudi mjini nilimuuliza msimamizi wetu majibu yanapelekwa wapi. Akasema, "Yanaenda juu." Nikauliza juu wapi. Akaniambia nirudishe simu, kazi imeisha.

Wadau mliowahi kufanya hizi kazi, nisaidieni. Huko juu ni kwa nani?