Eustakia na Pombe ya Upatanisho

Eustakia hakai. Ukimkuta ameketi, ujue anachambua maharage, na akimaliza ya kwake atachukua ya jirani. Ni mjane wa Mugoma, na jumuiya yetu humsifu kwa uchapakazi. Lakini wanaoishi naye wanajua kwamba mwaka huu bidii ile imekuwa kama homa.

Chanzo ni mpaka wa shamba. Jirani yake, mzee Sindayigaya, alilalamika kwa wazee wa kijiji kwamba mti wa mpaka umehamishwa. Eustakia akasimama akashuhudia kwamba haujahamishwa. Alijua ukweli, kwa kuwa marehemu mumewe ndiye aliyeuhamisha, na yeye alimshikia kamba. Sindayigaya akapoteza mstari mzima wa migomba.

Kabla ya Kwaresima dhamiri ilimshinda. Akarudi kwa wazee, akasema kweli, na mti ukarudishwa mahali pake. Akaungama kwa padre, akaondolewa dhambi, akapewa kitubio kifupi cha sala ambacho alikimaliza kabla hajatoka kanisani. Ufupi huo ndio uliomnyima usingizi.

Akaanza kujiongezea. Alifagia kanisa siku zisizo za zamu yake, akapalilia shamba la katekista bila kuombwa, akafunga chakula hadi kizunguzungu kikamshika. Jumapili, wenzake walipopanga mstari wa komunyo, yeye alibaki kwenye benchi. Alikuwa amejiwekea sharti kwamba hatapokea mpaka Sindayigaya anywe pombe yake.

Kwetu, aliyekosa hutengeneza pombe ya ndizi, akaibeba hadi kwa aliyekosewa, wakanywa wote kutoka kibuyu kimoja kwa mirija miwili. Bila hivyo, watu husema kesi imefungwa lakini haijalala.

Basi Eustakia akafukia ndizi shimoni ziive. Ukishafunika kwa majani na udongo, shimo unaliacha na joto lake. Yeye hakuweza. Kila asubuhi alifukua kuangalia, joto likatoka, ndizi nyingine zikabaki ngumu na nyingine zikaoza. Akakata mikungu mipya, akarudia yale yale.

"Mama, hizo ndizi zinataka kulala," akasema Happy, mke wa mwanawe Clever. "Wewe unaziamsha kama watoto wa shule."

"Ziive basi. Nife kabla sijapatana na Mungu?"

"Padre si alishakuondolea?"

"Padre ni kijana mwema. Hanijui."

Katekista Privatus naye akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shamba lako nimelimaliza?"

"Umelipalilia mpaka maharage yanaona aibu. Nimekuja kukuomba uache. Unataka kumlipa Mungu?"

"Nataka aone kwamba sichezi."

"Ameshaona. Hakuna anayepewa haki mbele yake kwa jembe, mama. Yeye mwenyewe hutupa, kwa ajili ya Kristo, nasi tunaamini na kupokea. Matendo mema hufuata nyuma. Mkia haumvuti ng'ombe."

"Ng'ombe wangu amekwama kwenye tope."

"Ndiyo maana mkia hautamtoa."

Eustakia alicheka kidogo. Privatus alipoondoka, akaenda kufukua shimo.

Habari za shimo zilimfikia Sindayigaya. Jumamosi alasiri akaingia uani akiwa na kibuyu begani na mirija miwili mkononi.

"Hodi, Mama Clever."

"Karibu. Hicho ni nini, mzee?"

"Pombe. Nimekuja tunywe."

"Haiwezekani. Mkosaji ni mimi. Mimi ndiye wa kuleta."

"Nimekungoja. Kwa mwendo wako, ndizi zitaiva nikiwa kaburini."

Eustakia akaenda kutafuta viti, ingawa viwili vilikuwa pale pale. Akazunguka nyuma ya jiko, akarudi amemshika jogoo miguu.

"Angalau mchukue huyu."

"Mrudishe. Nikimchukua, hii itakuwa biashara."

"Watu watanicheka."

"Watatucheka wote wawili. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Sindayigaya akaonja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, kisha akamgeuzia mrija wa pili. Eustakia akautazama. Angeweza kukataa akarudi shimoni, maana huko alijua la kufanya. Hapa hapakuwa na la kufanya ila kumwamini mtu huyu kwamba amemsamehe.

"Ulinisamehe lini?" akauliza.

"Nilikukasirikia masika yote ya mwaka jana. Nikachoka, nikakusamehe. Baadaye ndipo nikasikia umerudi kwa wazee."

"Kabla sijasema kweli?"

"Kabla."

Akainama, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, hata mzee akasema, "Niachie basi."

Siwezi kuandika kwamba alitulia. Kesho yake, njiani kwenda kanisani, alitangulia mbele ya wote, akarudi kuwahimiza, akatangulia tena. Wakati wa komunyo ulipofika, alibaki kwenye benchi hadi mstari ukakaribia kwisha. Kisha akasimama ghafla, akamkanyaga aliyeketi kando yake, akaingia mstarini. Mikono yake mitupu haikujua pa kukaa. Aliikunja, akaikunjua, akashika kitenge. Wa mbele yake akapokea, akapisha. Padre akainua hostia, na kabla hajasema "Mwili wa Kristo" Eustakia akajibu, "Amina."