Samaki wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Ofisini waligundua kwamba tarishi wao hajaenda likizo kwa miaka ishirini na sita. Wakashtuka, wakakaa kikao, wakampa siku tatu pamoja na barua ya pongezi, ambayo kwa mazoea ya ofisi ile ilibidi aipeleke mwenyewe masjala ikagongwe muhuri.

Kazi yake ilikuwa miguu. Alipeleka barua za kuuliza kama barua zilizotangulia zilifika. Mtaani walimwita Waziri wa Nyayo, maana aliongea juu ya jiji kama mtu aliyelizaa. Lakini simulizi tamu kuliko zote alimwekea mkewe: juu ya paa la jengo la bima, ghorofa ya kumi na moja, kuna bwawa, na samaki wanaelea taratibu juu ya vichwa vya watu walioajiriwa kukadiria bei ya kufa. Mama wa watu aliolewa na simulizi ya samaki hao, akazaa nayo watoto wanne.

Siku ya kwanza ya likizo mkewe akavaa viatu vya kuendea harusini, akasimama mlangoni.

"Baba watoto, leo nipeleke nikawaone."

Tarishi akaichukua kofia yake polepole. Samaki wenyewe hakuwahi kuwatia machoni. Tarishi huishia mapokezi: unatoa barua, unasainiwa kitabu, kwaheri. Habari za bwawa aliziokota kwa mlinzi mmoja, na mlinzi yule baadaye alifukuzwa kwa kusinzia kazini.

Akamzungusha mkewe njia ndefu, akiomba viatu vimuume. Havikumuuma. Jua lilikuwa laini, barabara zikifunguka moja ndani ya nyingine kama kanga zilizokunjwa, na mkewe alitembea kwa mwendo wa anayeota. Kila jengo alimwonyesha alichokijua. Hapa kalamu yao imefungwa kamba. Hapa wana feni isiyozunguka. Hapa yule dada wa mapokezi anakula karanga kwa siri, maganda anayatia kwenye droo ya malalamiko ya wananchi.

Kwenye jengo la bima mlinzi wa sasa, aliyemwamkia kila wiki kwa miaka kumi, akamwuliza anamtafuta nani. Hakumtambua. Tarishi hakukasirika, alipumua kama aliyetuliwa gunia.

"Umeona, mke wangu? Bila bahasha mimi si mtu. Turudi tu."

Mkewe akavuka barabara hadi duka la vifaa vya ofisi, akarudi na bahasha ya kaki, ndani patupu, juu kaandika kwa herufi kubwa: MKURUGENZI, GHOROFA YA JUU, AKABIDHIWE MKONONI. Akaitia kwapani mwa mumewe. Mlinzi akaiona bahasha, uso ukamchanua. Akamwamkia mzee, akamlaumu kwa kupotea, akawaitia lifti.

Lifti ikapanda polepole, kama inayotafuta maneno. Ghorofa ya saba. Ya nane. Kufika ya tisa tarishi akayaangalia viatu vyake.

"Mama watoto, mimi sijawahi kupita mapokezi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi walikuwa wekundu. Mwaka jana wakaota sharubu. Samaki gani hao, wanabadilika kama wanasiasa?" Akamtengeneza kola. "Twende tukaone kilichopo."

Kilichopo juu ya paa kilikuwa matangi mawili ya maji, shati la mtu limeanikwa, na bomba linalovuja dimbwi la upana wa sinia. Njiwa watatu walikuwa wanaoga humo bila haraka. Kupita hapo, jiji lote limelala chali, jeupe, limeachama.

Tarishi akaegemea ukuta, akaitafuta ofisi yake asiione. Kutokea juu hakukuwa na mlango hata mmoja anaoujua. Aliona aibu, kisha aibu ikachoka.

"Lile bati la kijani ndiyo zahanati," mkewe akasema. "Mtoto wa tatu nilikwenda kumzaa pale kwa miguu. Wewe ulikuwa umepeleka barua."

"Kwa miguu? Kutokea nyumbani?"

"Nilikata pale nyuma ya karakana, nikashika ule uchochoro. Unauona? Kuna kiwanda cha magodoro. Mafundi wakanilaza juu ya moja nipumzike, bosi wao akaja kuuliza kama nimelinunua."

Uchochoro ule tarishi hakuwahi kuukanyaga. Akaivua kofia, akasogea karibu na bega la mkewe.

"Halafu?" akauliza.

Mkewe akanyoosha kidole, akaanza kumpitisha njia ile.