Gumegume ya Mama Joviana

Nyani wa Mabira walimjua Placidia kabla yeye hajajua kushika bunduki. Walimjua kwa khanga yake na kwa sauti yake, na walijua kwamba mwanamke hana zaidi ya kopo la kugonga na mawe ya kurusha. Mumewe, Desderius, akitokea tu kwenye kona ya shamba, hata mikono mitupu, dume lao lilipanda kichuguu likatazama, kisha kundi zima likateremka kurudi msitu wa bondeni. Placidia akitokea, waliendelea kula. Siku moja jike mmoja alimkazia macho huku akimenya hindi changa, akalitafuna taratibu, akatupa nusu na kuvunja jingine. Placidia alisimulia jambo hilo kwa miaka, na kila aliposimulia alikasirika upya.

Wakati huo hasira ilikuwa inapita, kwa sababu Desderius alikuwapo. Kisha macho ya Desderius yakaanza kufifia. Mwanzoni alijikwaa kwenye mashina ya migomba aliyoipanda mwenyewe, akasingizia viatu. Binti yao, Joviana, alipokuja likizo kutoka Bukoba alimchukua kwa nguvu hadi hospitali, na huko wakaambiwa ni presha ya macho: kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, kilichopotea hakirudi. Alibakiwa na mwanga kidogo pembeni mwa jicho la kushoto. Akahamia kwenye benchi la uani, na shamba lote likamwangukia mkewe.

Pamoja na shamba ikaja bunduki. Ilikuwa gumegume ya marehemu baba mkwe, ndefu, nzito, kitako chake kimefungwa waya mahali kilipopasuka. Kibali kilihamishiwa jina la Placidia baada ya safari za kituo cha polisi ambazo hapendi kuzikumbuka. Haikuwa ya kuua. Alitakiwa kushindilia baruti na karatasi tu, bila risasi, aelekeze mtutu kwenye anga tupu, apige. Kilichotafutwa ni mlio.

Mlio wenyewe ndio haukupatikana. Kazi ya gumegume ni rahisi kuieleza: nyundo imeshika jiwe, jiwe linakwaruza bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani cha pembeni, moto wa kisahani unapita katika tundu dogo na kuwasha baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Placidia alivuta, jiwe likagonga, tak, basi. Alivuta tena, tak. Mara nyingine kisahani kiliwaka, moshi ukampanda usoni ukamchoma macho, na ndani ya mtutu kukawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Labda mara moja kwa wiki ililia kweli, na siku hiyo nyani walikimbia hadi bondeni. Lakini nyani si wajinga. Baada ya muda walijifunza kwamba tak haina madhara. Walikuwa wakiisikia, wanageuza vichwa, wanarudi kwenye mahindi.

Alijaribu kuvaa koti la Desderius na kofia yake. Nyani walimtazama na koti na kofia, wakaendelea.

Kilichomuudhi zaidi ya nyani ni mashauri. Jirani yake, Gaudiosus, ambaye shamba lake linapakana na la Placidia upande wa juu, alisimama kwenye mpaka akiwa ameegemea jembe, akasema bunduki ya ukoo haijakubali kushikwa na mtu aliyeolewa kutoka Rugu. Katekista alisema aletewe aibariki. Fundi baiskeli alisema aongeze baruti. Kila mtu alikuwa na neno, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama naye shambani alfajiri, miguu ikiwa imelowa umande.

Na kulikuwa na Desderius. Hakuona kitu, lakini alisikia kila kitu kutoka kwenye benchi lake, na alitoa hukumu kabla mkewe hajafika uani. Jiwe halijabanwa. Jiwe limebanwa sana. Mkono wake unasita. Wanawake husita. Placidia alikuwa akipita na bunduki begani bila kujibu, anaingia ndani, anaisugua yote kwa samli isishike kutu, kuanzia mtutu hadi nyundo, anaitundika, anatoka kwenda kumenya ndizi. Siku moja tu alisimama mbele yake.

"Baba Joviana," alisema, "njoo uishike wewe."

Desderius alipapasa fimbo yake, akainuka. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka chakula cha jioni, na Placidia alijuta, lakini hakuomba radhi, kwa sababu hata majuto yake yalikuwa yamechoka.

Akafuata shauri la fundi baiskeli. Alijaza kisahani hadi pomoni, na kwa kuwa aliona moto haufiki ndani, akachukua kijiti akashindilia baruti hata ndani ya tundu. Aliona ni akili: amejenga njia ya baruti kutoka nje hadi ndani, moto utapita wapi kama si hapo? Asubuhi hiyo nyani walikuwa wengi. Alivuta. Kisahani kiliwaka, moshi ukatoka, tundu likaanza kufukuta. Mlio haukuja. Placidia alisonya, akateremsha mtutu ili aanze upya, na hapo ndipo bunduki ilipolia. Karatasi iliyokuwa inawaka ilipita karibu na goti lake ikalipasua shina la mgomba. Aliangukia makalio. Masikio yake yalivuma, na upindo wa khanga yake ulikuwa umeungua.

Alipoinua macho alimwona Desderius akija. Alikuwa ameacha fimbo yake. Alikuwa anapita katikati ya migomba kwa mikono, akigonga mashina, akimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu Joviana azaliwe. Alipomfikia alipiga magoti akampapasa uso, mabega, miguu, mpaka alipoukuta upindo uliokuwa bado una joto.

"Niko mzima," alisema Placidia. "Acha kunipapasa kama mbuzi wa mnadani."

Walikaa pale chini, nyani wakiwa wamekwenda, wote wawili wakihema. Kisha Desderius akamwambia alichokisikia. Kwanza chwaa, ndefu, kama nyama mbichi kwenye mafuta. Halafu ndiyo mlio. Katika mikono yake na ya baba yake, alisema, vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha. Akamuuliza amefanya nini. Placidia akamweleza juu ya tundu.

"Tundu halijazwi," alisema Desderius. "Ukilijaza, baruti inaungua polepole kama utambi. Tundu linaachwa wazi, moto uruke."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

Placidia aliutazama mdeki uliokuwa karibu na mkono wake, ule ufito wa kushindilia baruti, na kwa muda mfupi aliufikiria kwa matumizi mengine.

Lakini jambo hilo lilimkaa. Akiwa anapalilia maharage alielewa kwamba mumewe hakumficha kitu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mikono ilijua mambo ambayo kichwa hakikuwahi kuulizwa. Ukimwambia aeleze, anaeleza jiwe na kusita kwa wanawake, kwa sababu hayo ndiyo yenye maneno. Basi siku iliyofuata, mchana, alihakikisha mtutu mtupu, akamwekea bunduki mapajani pale benchini, pamoja na pembe tupu ya baruti, akamwambia ajaze kama alivyokuwa akijaza. Yeye akakaa mbele yake kwenye kigoda kutazama mikono.

Ilikuwa kazi ya kuchosha roho. Desderius alitaka kuongea, Placidia alitaka anyamaze. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye bamba la chuma, ukalifuta kwa upindo wa shati. Placidia akamuuliza kwa nini. Hajui, alisema, ni kulifuta tu. Kisha dole gumba likapita kwenye ncha ya jiwe, likasimama, likapita tena. Kisha, kabla ya kumimina chochote, mkono wa kulia uliinuka ukapapasa ukingo wa kofia, ukapapasa tena upande wa pili.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Unyoya," alisema Desderius, naye akashangaa kulisikia neno hilo.

Siku zote alikuwa na unyoya wa kuku kwenye kofia. Placidia alidhani ni wa kuchokonolea masikio. Aliutupa siku aliyoifua kofia. Kumbe unyoya ulikuwa unachomekwa kwenye tundu wakati wa kushindilia, ili baruti ya ndani isilizibe, halafu unachomolewa na kuacha njia safi. Placidia aliinuka akaenda kumkamata kuku bila kusema neno, na kuku yule alipiga kelele kwa niaba ya wote.

Mambo hayakunyooka hapo. Tundu sasa lilikuwa wazi, lakini cheche zilikuwa chache. Alielewa habari ya upindo wa shati: samli yake. Alikuwa anapaka mafuta mahali pasipotakiwa mafuta hata kidogo, juu ya bamba na juu ya jiwe, kisha anashangaa kwamba haviwaki. Alivifuta kwa kitambaa kikavu na majivu. Aligeuza jiwe, akalibana kwa kipande cha ngozi lisiteleze. Zikaja cheche, lakini nyekundu na fupi, zikifa kabla ya kufika kisahanini. Desderius alipitisha kidole kwenye bamba akasema limelika, limekuwa laini, jiwe linalilamba tu.

Hivyo Placidia alifungua skrubu, akaliweka bamba peke yake ndani ya mfuko wa sukari, akaiacha bunduki imefungiwa ndani, akapanda bodaboda, kisha basi, hadi Ihanda kwa mhunzi aliyeitwa Telesfori. Mhunzi alilipasha moto, akalipiga, akalisugua kwa tupa, akamrudishia siku hiyohiyo likiwa linang'aa hata ungeweza kujitazama. Placidia alifika Mabira giza limeingia. Asubuhi alilifunga, akavuta. Halikutoa cheche hata moja.

Watu waliomwona akirudi stendi siku ya soko wanasema alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kushitaki. Safari hii alichukua na jiwe. Alimkuta Telesfori kivulini anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Sikukuomba ling'ae. Nilikuomba liwake."

Telesfori alikuwa mtu mzima na hakupenda kuambiwa hivyo mbele ya wateja. Alisema bamba ni zuri, labda jiwe ni baya. Placidia akachukua jiwe, akalikwaruza pale pale mbele yake. Hakuna. Akakaa kwenye gogo akasema haondoki mpaka aone cheche kwa macho yake, na kama basi la mwisho litamwacha, atalala kwa mkewe Telesfori na atakula chakula chake. Mhunzi alilitia tena motoni, safari hii akalifunika ndani ya mkaa uliosagwa akaliacha humo muda mrefu, akikunja uso. Lilipoiva likawa jekundu sana, akalitumbukiza majini, maji yakalia. Halikung'aa tena, lilikuwa la kijivu kama jiwe la mto. Placidia alilikwaruza. Cheche zilitoka nyeupe, nyingi, zikamwangukia mhunzi kwenye ndala na akarudisha mguu. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Alilipa, akawahi basi.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu, ule wa Mabira unaokaa juu ya migomba hata saa tatu. Placidia alishindilia baruti na karatasi, unyoya ukiwa tunduni. Akauchomoa. Kisahanini aliweka baruti kidogo tu, upande wa mbali na tundu, akaifunika kwa ngozi isilowe. Nyani walikuwa tayari ndani ya mahindi, jike akiwa amembeba mtoto mgongoni, na dume limekaa juu ya kichuguu limemgeuzia mgongo. Aliondoa ngozi, akaelekeza mtutu juu, akavuta.

Haikuwa tak wala chwaa. Ilikuwa sauti moja. Dume liliruka wima kana kwamba kichuguu kimelichoma, na bonde zima likajaa kelele za nyani wanaoitana wakikimbia. Placidia alijaza tena upesi, akapiga tena, si kwa sababu ilihitajika bali alitaka kuhakikisha. Ilikubali. Alibaki amesimama ndani ya moshi, na kutoka uani akamsikia Desderius akicheka peke yake.

Nyani hawakwenda mbali. Kabla ya adhuhuri Gaudiosus alikuja, safari hii bila jembe, akilalamika kwamba Placidia amemhamishia nyani wote shambani kwake na wamemaliza safu tatu. Alitaka aende akapige huko. Placidia alimjibu kwamba bunduki ya ukoo huenda haikubali kupanda mlima. Mwishowe Placidia alikwenda, kwa sharti kwamba nyumba ya Gaudiosus nayo itaamka alfajiri na makopo, kwa zamu, kwa sababu hakuwa na nia ya kulinda mlima mzima akiwa mtu mmoja mwenye magoti mabovu. Baada ya wiki wakaja wengine wawili na ombi hilohilo. Alimfukuza mmoja, akamkubalia mwingine, akalalamika juu ya wote.

Mvua za mwisho zilipokatika walivuna mahindi ya kutosha, ingawa si kama ya zamani. Joviana hakuweza kuja. Desderius alipukuchua akiwa benchini, kwa vidole, gunzi moja baada ya jingine, akasema punje za mwaka huu ni ndogo, labda mbegu haikuwa nzuri, labda ilipandwa kwa kuchelewa. Placidia alimwambia apukuchue tu.