Grisi ya Gurudumu la Kushoto

Tangu mume wangu apigwe na kiharusi, niliogopa vitu viwili: usingizi wake na gari lake. Akijilaza mchana nilikuwa nanyata hadi kitandani kusikiliza kama anapumua. Gari nalo lilikuwa uani, pikapu kuukuu iliyotengenezwa kabla sijazaliwa, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuna aliyeishika ila yeye.

Zamani alikuwa akinionya hata nisipouliza. "Oili ya magari mapya itakula shaba iliyomo kwenye gia boksi hii. Na ile nyepesi itavuja yote hapa uani." Nilikuwa nikiitikia tu huku nachambua mboga. Kisha maradhi yakamwangusha, mkono wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakampotea. Lililobaki, karibu peke yake, ni "siyo".

Kazi ikaniangukia mimi. Nilinunua oili Lushoto mjini, nikamletea pale alipokaa kwenye kigoda, blanketi mabegani kwa sababu ya ukungu. Alichovya kidole cha kushoto, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. "Siyo." Nikarudi dukani. Nilijifunza hivyo, kwa kukataliwa, huku nikiogopa kila nilipofungua kizibo, kwa maana kama ningeharibu gari lile sikujua kingine cha kumfurahisha kingekuwa nini.

Wiki moja fundi alikuja kutazama breki za mbele. Alifungua magurudumu, la kushoto akalijaza grisi mpya, akafunga. Mume wangu alikuwa amelala, na mimi sikutaka kumwamsha.

Siku chache baadaye tulikuwa tunateremka kwenda Korogwe, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mimi nikiendesha. Alikuwa amekataa kwenda kwa basi. Hakutaka watu wamtazame akibebwa ngazini. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na lami iling'aa. Tulipita Soni salama, tukaanza zile kona za kushukia Mombo, ukuta wa mlima kushoto, korongo ng'ambo ya barabara.

Ghafla akaanza kupiga mlango kwa mkono wake mzima.

"Siyo! Siyo!"

Nilimtupia jicho. Uso umejaa jasho, mdomo umepinda. Nikajua kiharusi kimerudi, na kimemkuta hapa, porini, mbali na daktari. "Baba, tulia," nikamwambia, "tulia, tunakaribia Mombo." Nikaongeza mwendo.

Akapiga kwa nguvu zaidi. Halafu akainama, akaelekeza kidole miguuni pake, upande wa gurudumu. Hapo ndipo nami niliposikia: mngurumo mwembamba, kama jiwe la kusagia. Nikakanyaga breki. Pikapu ikavuta kulia, kulia kabisa, na kwenye kona mbele yetu basi lilikuwa linapanda huku likipiga honi.

Nilishusha gia. Nikazungusha usukani kwa mikono yote miwili na kuung'ang'ania. Basi likapita, upepo wake ukatikisa vioo. Niliiingiza pikapu kwenye mtaro wa upande wa mlima, ikakwaruza udongo, ikasimama.

Niliteremka nikazunguka upande wake. Gurudumu la kushoto lilifuka moshi, na kitu kama mafuta ya kukaangia kilichuruzika ndani ya rimu. Sikuthubutu kuligusa.

Kijana wa pikipiki aliyebeba makabichi akasimama. "Shikamoo mama. Nimwagie maji?"

"Siyo!" mume wangu akapaza sauti kutoka ndani.

"Marahaba. Acha maji, mwanangu," nikasema. "Kitapasuka chuma."

Tukasubiri lipoe, kisha kijana akanisaidia kupiga jeki na kufungua. Grisi ilikuwa imegeuka uji, imepenya hadi kwenye breki. Mume wangu aliichukua kidoleni, akaitazama, akatikisa kichwa taratibu. Ilikuwa grisi ya kupaka springi, isiyohimili moto wa gurudumu. Kijana alishuka Mombo akarudi na makopo mawili ya grisi na chupa ya petroli. La kwanza, siyo. La pili mume wangu alilinusa, akaivuta grisi yake kama uzi kwa vidole viwili, akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa.

Nililiosha beringi, ile pete ya vyuma ambayo gurudumu huzungukia, kwa petroli. Mume wangu akalizungusha karibu na sikio lake kwa muda mrefu, nami nikimwangalia usoni kama ninavyomwangalia daktari, kisha akanirudishia. Akakunja kiganja chake cha kushoto, akanionyesha. Nikaweka donge la grisi kiganjani mwangu, nikaligandamiza beringi juu yake, upande baada ya upande, mpaka grisi ikachomoza katikati ya vyuma. Breki tulizisafisha kwa petroli na msasa. Kila basi lililopita nilibana mabega, nikihisi linakuja moja kwa moja mgongoni mwangu.

Hatukwenda Korogwe. Nilimshukuru kijana, nikageuza gari, tukapanda kwa gia ndogo hadi nyumbani. Niliposhika breki mara ya kwanza, mume wangu aliweka mkono wake wa kushoto juu ya paja langu, mzito, akauacha hapo.

Fundi hakuitwa tena. Sasa gurudumu halifunguliwi mpaka mume wangu awe amekaa pembeni, na mimi ndiye ninayejaza grisi. Sikupata ujasiri kwa hilo. Mwezi uliofuata tuliteremka tena kwa pikapu ile ile. Nilisimama Soni, nikasimama tena kabla ya zile kona, nikashuka na kupeleka kiganja kwenye magurudumu, moja baada ya jingine. Yalikuwa vuguvugu tu. Hata hivyo nilibaki nimesimama pale barabarani kitambo, nikitazama lami inavyopinda na kupotea chini, kabla sijaweza kupanda tena.