Mfupa Ulioegemea Ndani

Mdogo wangu alipiga deki sakafu za jumba letu la makumbusho kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo adui yake alikuwa mmoja tu: mtu anayekanyaga palipo na maji. Mimi ni mlinzi wa mlango mkuu, kwa hiyo kelele zake nilizisikia kila siku. "We kaka, umempitisha nani tena? Tazama, nyayo zake hizi hapa!" Alimjua kila mfanyakazi kwa nyayo. Mhasibu hukandamiza visigino, mkutubi hutupa nje mguu wa kulia. Nilimwambia aache wazimu, nyayo ni nyayo tu. Lakini huyo ni mtu wa kuambiwa? Haambiliki tangu tuko watoto.

Nyuma ya jumba kuna karakana ya kutengeneza nakala za mifupa ya kale kwa jasi, ule unga mweupe wa plasta. Mdogo wangu alikuwa akitoroka wakati wa chai kwenda kumkorogea jasi fundi mzee, na fundi alipostaafu, akaomba nafasi yake. Wakampa miezi mitatu ya majaribio. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi kucha, wanangu wakamwita Shangazi Jasi, na jina likaganda.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kiunzi kizima cha mifupa ya mtu wa kale mno. Profesa wa mifupa, mama asiye na muda wa porojo, alimweleza jambo moja kabla ya kusafiri: "Watu wanadhani tulipata akili kwanza, ndipo tukasimama. Sivyo. Miguu ilitangulia. Mikono ikapata nafasi ya kubeba na kutengeneza vitu, kichwa kikaja kukua baadaye sana." Jasi akaja mbio kunihadithia pale mlangoni, utadhani kagundua yeye. Nikamwambia miguu yangu, iliyosimama hapo tangu alfajiri, ina malalamiko, na mgongo pia.

"Mgongo uliokuwa daraja enzi za miguu minne umegeuzwa nguzo," akanijibu, "usilalamike vipi?"

Siku nne kabla ya ukumbi mpya wa kiunzi hicho kufunguliwa, Mkuu wa jumba aliingia karakanani. Ni mtu mwema, ila alisomea utawala, si mifupa. Mezani palikuwa na nakala mbili za mfupa wa paja, moja ya sokwe na moja ya mtu wa kale, zote zimesimamishwa kwa ncha ya goti. Ule wa sokwe ulisimama wima kama mguu wa meza. Ule wa mtu wa kale ulikuwa umeegemea upande.

"Umepinda ulipokuwa unakauka," Mkuu akasema. "Umeuharibu."

Jasi alijaribu kueleza. Mkuu hakumsikiliza. Alimwagiza fundi wa kuchomelea, aliyekuwa akitengeneza fremu ya chuma ya kiunzi, ausage mfupa ule pale gotini kesho yake asubuhi mpaka usimame wima. Na Jumatatu, akasema, Jasi arudi kwenye ndoo yake. Profesa alikuwa porini anachimba, simu haipatikani.

Nami, kaka mtu, nikamshauri aombe radhi. Naona haya mpaka leo. Alinikazia macho.

"Niombe radhi kwa sababu ya goti lililo kama langu mwenyewe?"

Asubuhi ile alinipita na ndoo mkononi, roho yangu ikaniuma: nilidhani amekata tamaa. Kumbe! Alimwaga maji mwanzoni mwa korido, akaacha pengine pote pakavu, kisha akamwita Mkuu mbele ya nusu ya wafanyakazi.

"Mkuu, samahani sana. Vua viatu, kanyaga hapa kwenye maji, halafu tembea kama kawaida yako mpaka mwisho. Nikiwa nimekosea, nitaanza kupiga deki sasa hivi."

Mkuu alitaka kukasirika, akaona macho yote yale yanamtazama, akavua. Alitembea. Nyuma yake zikabaki nyayo zilizofuatana karibu katika mstari mmoja, kama kushona kwa cherehani.

"Miaka kumi na mmoja nimezifuta hizi," Jasi akasema. "Nyonga za Mkuu ni pana, mbona nyayo hazikuachana? Kwa sababu paja linatoka nyongani linaingia ndani, goti na unyayo vinakaa chini ya mwili. Ndiyo maana tukiinua mguu mmoja hatuanguki. Sasa rudi Mkuu, lakini miguu iachane, iwe kama ya meza."

Mkuu akarudi akiyumba kama bata aliyeshiba. Mhasibu alicheka mpaka akashika ukuta. Katikati ya korido Mkuu alisimama, akainua mguu mmoja, akapepesuka, akautazama mguu wake kana kwamba amekutana nao siku hiyo.

"Mfupa usiusage," akamwambia fundi wa kuchomelea. "Tumsubiri Profesa."

Profesa alifika siku ya ufunguzi yenyewe, buti bado zina vumbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alipiga magoti mbele ya kiunzi, akapapasa goti, akapapasa tena. Nami niliacha mlango wangu nikasogea karibu, utadhani ninayefanyiwa majaribio ni mimi.

"Hapa ndipo panapoonyesha kwamba alitembea kama sisi," akasema. "Pangesagwa, tungewaonyesha watu uongo. Nani aliyepalinda?"

Mkuu, Mungu ambariki, hakumung'unya maneno. "Huyu hapa. Kwa ndoo ya maji."

Nilipiga kelele za furaha, mlinzi mzima na kofia yangu.

Profesa alimthibitisha kazini kwa maneno matatu, "Huyu haondoki hapa," na Mkuu akasaini barua siku hiyo hiyo. Kisha Profesa akasema anahitaji nyayo za mtu wa leo, ziwekwe kando ya kiunzi cha yule wa kale. Wakatandaza udongo laini, Jasi akavua viatu akapita, kichwa juu, hatua nane. Akazimwagia jasi kwa mikono yake mwenyewe.

Ziko katikati ya ukumbi sasa, na msafishaji mpya hupiga deki akizizunguka. Juzi mgeni mmoja alitaka kuzikanyaga ili apigwe picha. Nilimfokea vibaya sana, mpaka nikajisikia natoa sauti ya mdogo wangu.