Mvua ya Bwana Kopo

Niliondoka Mpwapwa kwa sababu ya kopo. Wenzangu wamesafiri kutafuta pembe za ndovu, wengine wamekwenda kuhiji, lakini mimi, fundi bati wa nyuma ya soko, niliitwa bomani zama za Wadachi nikaambiwa nipande milima ya juu ya Kibakwe nikatengeneze kopo. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Ulaya alikuwa na shamba la majaribio huko, akitaka kujua kama ngano na viazi vya kwao vitakubali baridi ya mlima wetu. Alikuwa pia na kopo la kukingia mvua, na kila asubuhi alipima maji yaliyoingia. Askari aliniambia kopo hilo limekuwa dogo. Mvua inalifurisha.

Nilitazama juu. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na mbuzi wa jirani yangu alikuwa anatafuna mkeka kwa kukosa jani. Nikamwuliza askari kama ana hakika ni mvua, naye akanishauri nifunge mizigo. Mke wangu, Bi Tunu, alinifungia maandazi na kuniagiza nisirudi bila asali, maana ya milima ile inasifiwa. Tena akaniambia nisimjibu Mdachi kama ninavyomjibu yeye.

Kulipopambazuka nilimpakia punda karatasi za bati, mkasi, nyundo, jiko la makaa na sufuria ndogo ya kuyeyushia lehemu, tukashika njia ya kusini. Pale Gulwe reli ilikuwa bado mpya, na punda wangu alipouona ule mstari wa chuma alikataa katakata kuuvuka. Nilimvuta, nilimsukuma, nilimbembeleza kwa andazi. Andazi alikula, reli hakuvuka. Mwishowe nilitandika shuka langu juu ya chuma, naye akapita bila haraka, kama bwana harusi, huku watu wa stesheni wakishika mbavu.

Njia ya kwenda Kibakwe ilikuwa vumbi tupu. Mto tuliouvuka ulikuwa mchanga, na wanawake waliochimba visima humo walikaa muda mrefu wakingojea maji yajikusanye. Kila niliyemwuliza habari za mvua ya mlimani alidhani nimepigwa na jua. Mzee mmoja alinihurumia mpaka akanipa kivuli cha ukuta wake.

Baada ya Kibakwe tulianza kupanda, na hapo nchi ikabadilika. Miiba iliisha, ikaja miti mirefu yenye ndevu za kijani, na mbega wakaturukia juu kwa juu na mikia yao myeupe. Upepo ulikuwa baridi, nikajuta kulichafua shuka langu kwa grisi ya reli. Nilifurahi kweli kuyaona hayo, mimi niliyezoea kuona paa za bati. Ila ardhi, hata huko, ilikuwa kavu. Nilipiga teke udongo nao ukapaa.

Alasiri nilifika shambani. Palikuwa na nyumba ya miti, mistari ya viazi vilivyolegea majani, ngano iliyonyauka kabla ya kuzaa, na katikati ya uwanja nguzo yenye kopo. Nilichungulia. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

Mwenyewe alitoka akiwa na miwani na kofia kubwa. Watu wa pale walimwita Bwana Kopo, kwa kuwa jambo lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa kuinamia kopo lile. Kiswahili alikijua, akakisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alinishika bega na kunipa habari yake kubwa.

"Fundi, mlima huu una mvua ya siri. Inanyesha alfajiri, taratibu, watu wote wamelala. Hakuna mtaalamu aliyepata kuiona."

Nilimwuliza mbona viazi vinakufa. Akasema mbegu zilikuwa mbovu. Kwa ajili ya mvua hiyo alikusudia kulipanua shamba hadi bondeni, na vigingi vya mpaka tayari alikwisha kuvichonga. Angeipima mvua kwa kopo langu kubwa siku chache tu, kisha avipige.

Jioni nilipelekwa kulala bondeni kwa Mzee Ndahani. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitika na kunipokea kana kwamba tumekua pamoja. Tembe yake ilikuwa safi, mtama wake ulikuwa ghalani, na makaburi ya wazazi wake yalikuwa pembeni mwa shamba. Tukila ugali na mlenda, aliniambia bila kuinua sauti kwamba ardhi ile ndiyo itakayopigwa vigingi, na wao wameamriwa wahamie chini kwenye miiba. Nililirudisha tonge sahanini. Mkewe, Mama Mbeleje, aliniongeza mlenda akidhani ugali umenikauka.

Siku iliyofuata nilikata bati na kulehemu kopo kubwa, zuri, lisilopitisha hata pumzi. Mama Mbeleje alipita na kuni, akalitazama, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe lile halikumtosha," akasema, akaenda zake. Sikumwelewa, nami nikaendelea kujisifu moyoni.

Alfajiri niliamka kutafuta maji ya kutawadha, nikamwona Mama Mbeleje anapandisha mteremko na kibuyu kikubwa mgongoni. Nilimfuata. Alifika kwenye nguzo, akamimina maji yote ndani ya kopo langu, akalifuta ukingo kwa kitambaa, akageuka.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Namjazia mgeni chombo chake."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Huko kwao mgeni mwenye haya haombi. Huweka chombo chake wazi mahali kinapoonekana, na mwenyeji mwenye adabu akipita hukitia kitu. Bwana Kopo aliweka chake juu ya nguzo kabisa, basi alikuwa na haya nyingi. Siku za mwanzo alikikuta kitupu, akarudi ndani ameinamisha kichwa, mama akaona aibu kwamba mgeni anateseka mlangoni pake. Tangu hapo hakukosa. Chemchemi ilikuwa mbali, magoti yalimuuma, na sasa mimi nimemletea kopo kubwa zaidi.

Nilitaka kucheka, kisha nikavikumbuka vigingi. Wema wa mama huyu ndio uliokuwa unamhamisha kwake. Nikimwambia Mdachi, atamwona mlaghai, na kosa kama hilo bomani lilikuwa la hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nikinyamaza, vigingi vitapigwa. Nilipomweleza mama, alikaa chini kwenye umande. Nilimwomba asiliguse kopo tena. Akasema hawezi, mgeni akikuta chombo kitupu yeye ataweka wapi uso.

Basi nilichukua vipande vya bati vilivyobaki, nikamtengenezea Mdachi kikombe chenye mkono, nikamwonyesha mama kabla ya kukiweka mlangoni pa mgeni. Nilimwambia lile kubwa ni la kazi ya mgeni, hiki ndicho cha mdomo wake. Alikigeuza mkononi, uso ukamkunjuka. "Hiki nitakiweza," akasema.

Kesho yake asubuhi Bwana Kopo alilikuta kopo kavu. Alinivamia nikinywa uji.

"Kopo lako linavuja."

Ndugu zangu, nilisahau agizo la Bi Tunu. Mimi kuambiwa bati langu linavuja? Nilijaza maji kopo lile mbele yake, nikalining'iniza juu ya mchanga mkavu, tukasimama tukilitazama kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Halikudondosha tone. Katika kungoja huko kiu ilimshika, akachukua kikombe chake mlangoni, nacho kilikuwa kimejaa togwa ambayo hakuiomba. Alikunywa. Kisha akasimama na midomo myeupe, akatazama kikombe, akatazama kopo, akatazama moshi wa tembe ya Mzee Ndahani chini bondeni. Akawa mwekundu hadi shingoni.

"Ni yule mama anayelijaza?"

Nikaungama. "Ndiye, Bwana. Kwa wema tu. Na ukimpeleka bomani, watauliza kosa lake ni nini."

Nilimwona akiwafikiria walimu wenzake wa Ulaya wakiisoma habari ya mvua inayobebwa kwa kibuyu. Alikaa juu ya rundo la vigingi vyake.

"Nani mwingine anajua?"

"Punda wangu tu, Bwana."

Mchana huo vigingi viligeuzwa kuni, na shamba likabaki lilivyokuwa. Nilimpelekea Mzee Ndahani habari mbio. Mzee alichukua jembe, akaenda kupalilia makaburi ya wazazi wake.

Njiani kurudi niliona mzigo wa punda umezidi uzito. Kumbe Mama Mbeleje alikuta sufuria yangu ya lehemu wazi, akaijaza asali. Bi Tunu aliipokea kwa furaha, akasema nimeanza kusikia la mke. Mimi nililehemu kwa sufuria ileile, nikaambulia kuuza taa za bati zilizofuatwa na nyuki.

Safari hiyo ilinifundisha kutoacha chombo wazi kwa Wagogo ila uwe na njaa. Nilidhani habari imeishia hapo, mpaka masika, Mzee Ndahani alipoteremka Mpwapwa kuuza mtama, akaja kibandani kwangu anacheka peke yake. Mvua ya kweli ilinyesha mlimani, na asubuhi kopo langu likawa limejaa. Bwana Kopo hakuamini macho yake. Alilibeba kwa mikono miwili, akateremka nalo utelezi wote hadi kwa Mama Mbeleje, amwulize kama maji yale ni yake.

Hakuwahi kuuliza. Mama alimwona mgeni wake mlangoni na chombo kilichojaa, akajua mtoto wa watu hatimaye amejifunza adabu. Alimpokea kopo kwa furaha, akayamimina maji yote chunguni, akalirudisha na maboga mawili ndani. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya mlima ule haikupimwa hata tone. Ilisongewa ugali, na Bwana Kopo aliula.