Maneno ya Ndani ya Bi Kijakazi

Bi Kijakazi Ngwele wa Ruaruke alikuwa na miaka sitini na moja alipoombwa sauti yake. Watu walimjua kwa mpunga wake na kwa ukungwi, kufunda wari kabla ya ndoa. Mabinti wa vitongoji vitatu walikuwa wamepita mikononi mwake. Aliishi na dada yake mkubwa, Salama, aliyepofuka kwa presha ya macho.

Aliyekuja kumwomba ni Zuhra, msichana wa mradi kutoka Dar es Salaam. Alieleza kwamba wanatengeneza akili mnemba ya kwenye simu, itakayosikia Kindengereko na kukijibu, ili mtu asiyejua kusoma aulize habari za mvua, mbegu na dawa kwa lugha yake. Bi Kijakazi aliipenda habari hiyo. Wajukuu zake walikuwa wanakisikia Kindengereko lakini hawakisemi. Akatia dole gumba kwenye karatasi, wakaketi siku kumi na mbili na kinasa sauti katikati yao.

Siku za mwanzo alirudia sentensi alizotamkiwa. Baadaye Zuhra akasema mashine inataka mazungumzo ya kawaida, aongee chochote tu. Zuhra mwenyewe alikuwa amechumbiwa. Bi Kijakazi akamwambia yale ambayo kungwi humwambia mwali mlango ukiwa umefungwa. Kinasa sauti alikuwa ameshakizoea, akakisahau.

Majaribio yalianza miezi mitano baadaye, na Salama akapewa simu moja. Akawa anaiuliza saa, wakati wa kutia dawa ya macho, kama kuna mawingu ya mvua. Ilimjibu kwa sauti ya mdogo wake. Alikuwa akisema sasa ana Kijakazi wawili, na wa pili hachoki kuulizwa.

Siku moja wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa karibu na soko wakaiuliza mojawapo ya simu hizo namna ya kuishi na mke mpya. Ikawajibu kwa sauti ya Bi Kijakazi, maneno ya ndani, neno kwa neno. Wakacheka, wakauliza tena. Kufika alasiri habari ilikuwa imewafikia wanawake. Makungwi wenzake wawili walikuja nyumbani na hawakuketi. Walimuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, wakaondoka. Siku tatu hakutoka, hata shambani hakwenda.

Siku ya nne alikwenda kwa Sufiani, mtendaji wa kijiji, akamtaka awaite watu wa mradi. Zuhra akaja na mkubwa wake wa kazi, bwana mmoja mpole, aliyesema karatasi ya ridhaa ipo na dole lipo. Sufiani akaiomba. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita. Akamuuliza Zuhra alimsomea Bi Kijakazi kurasa ngapi. Zuhra akajibu kwamba alimweleza ukurasa wa kwanza tu.

"Sauti niliitoa kwa hiari yangu," Bi Kijakazi alisema. "Yale maneno si yangu. Nilipewa niyatunze."

Yule bwana akaahidi kuzifuta rekodi hizo siku hiyo hiyo. Zuhra akamkatiza.

"Bibi, nikuambie kweli. Tukifuta rekodi, mashine haisahau. Lazima ifundishwe upya tangu mwanzo, miezi minne. Na kwa muda huo itabidi izimwe."

Mkubwa wake akaongeza kwamba wapo wagonjwa wanaoitegemea. Bi Kijakazi alijua. Mmoja alikuwa nyumbani kwake.

"Izimeni," akasema.

Salama hakugomba. Ila wiki nzima alikuwa akiwauliza majirani saa, na mdogo wake yuko hatua mbili kutoka alipoketi. Bi Kijakazi akaanza kumtajia saa bila kuulizwa, na kumtia dawa mwenyewe. Siku ya nane Salama akasema, "Ningekuwa mimi, nisingeizima. Lakini mimi sikupata kufunda mtu."

Mradi ulipotaka kurudi kurekodi sauti nyingine, mkutano wa kijiji ukaweka masharti. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili na isomwe yote kwa sauti. Rekodi isitoke kijijini kabla haijasikilizwa na wakazi wanne. Yule bwana alilalamika kwamba kazi itachelewa, na kweli ilichelewa. Ya mwezi mmoja ikawa ya miezi miwili. Bi Kijakazi alichaguliwa katika wale wanne. Jumanne na Alhamisi huketi na Zuhra, ambaye sasa ameolewa, wakisikiliza kwa spika ndogo. Rekodi nyingi hupita. Juzi walizuia moja ya mzee aliyekuwa anasimulia uvuvi wa kule Maparoni, deltani, katikati akataja ugonjwa wa jirani yake kwa jina.

Simu imerudi, nayo inazungumza mvua, kilimo na dawa tu, kwa sauti ileile. Salama anaitumia. Kati ya wale makungwi wawili, mmoja humsalimia Bi Kijakazi. Msimu uliopita wari wa Ruaruke walifundwa na kutolewa nje bila yeye kuitwa. Hakuuliza sababu. Alipeleka mchele wa sherehe kama jirani mwingine yeyote, akarudi nyumbani kupika.